Nakala Ipi Ndiyo ya Kufundishia? Maoni Juu ya Udhibiti wa Matoleo

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha tulishuhudia jambo ambalo, ingawa lilionekana dogo, ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Wanachuo wanne walipangiwa shule moja ya msingi, wakakubaliana kutumia azimio moja la kazi katika somo la Sayansi, Darasa la Tano, lenye mikondo miwili. Mmoja wao aliliandika kwa kompyuta, akawagawia wenzake kwa flashi na kwa simu. Juma la kwanza lilipokwisha, kila mmoja alikuwa amelirekebisha kwa namna yake. Katika juma la tatu palikuwa na nakala saba. Moja iliitwa “azimio”, nyingine “azimio jipya”, nyingine “azimio la mwisho”, na nyingine tena “azimio la mwisho kabisa”. Mkufunzi alipofika kukagua aliuliza swali moja tu: nakala ipi ndiyo ya kufundishia? Hakuna aliyeweza kumjibu.

Madaftari ya wanafunzi yalipopekuliwa, ilionekana kwamba mkondo wa kwanza ulikuwa umefundishwa mada moja mara mbili, na mkondo wa pili haukufundishwa mada hiyo hata kidogo. Wanachuo hawa hawakuwa wavivu. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake hadi usiku. Walichokosa ni utaratibu wa kujua nani amebadili nini, lini, na kwa sababu gani. Hasara yake waliibeba watoto.

Watengenezaji wa programu za kompyuta walikutana na tatizo hilihili zamani, wakalitafutia dawa, na dawa hiyo huitwa udhibiti wa matoleo. Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anapaswa kuijua dawa hiyo, pamoja na makosa ambayo wenyewe wanaoitumia huyafanya kila siku. Aidha, tunaamini kwamba msingi wake hufundishwa kwa daftari na kalamu kabla ya kompyuta.

Kutoka pantoni hadi daraja

Programu ya kompyuta ni maandishi. Maandishi hayo, yaitwayo msimbo, huandikwa na watu wengi na kubadilishwa kila mara. Mahali yanapohifadhiwa pamoja na historia ya mabadiliko yake yote huitwa hazina ya msimbo. Mwaka 1972 Marc Rochkind wa maabara za Bell nchini Marekani alitunga mfumo wa kwanza uliojulikana sana wa kutunza historia hiyo, uitwao SCCS. Miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Walter Tichy alitoa mfumo mwingine, RCS. Katika mifumo hiyo, mtu aliyetaka kurekebisha faili alilichukua na kulifunga. Wenzake wakangoja mpaka alirudishe.

Sisi tunaoishi Misungwi hatuhitaji maelezo marefu kuielewa njia hiyo. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuvuka Ghuba ya Mwanza kutoka Kigongo kwenda Busisi hakuwa na budi kungoja pantoni. Kuvuka kwa pantoni kuna utaratibu, lakini foleni ni ndefu. Hali ilikuwa hiyohiyo kwa waandishi wa programu. Aliyefunga faili akasahau kulifungua, kisha akaenda likizo, aliwaacha wenzake ufukoni.

Mifumo iliyofuata, kama vile CVS ya mwaka 1986 na Subversion iliyoanza mwaka 2000, iliwaruhusu watu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja na kuunganisha mabadiliko yao baadaye. Historia yote, hata hivyo, iliwekwa katika seva moja. Mwaka 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitunga Git, ambayo leo ndiyo inayotumika zaidi duniani. Katika Git kila mshiriki huwa na nakala kamili ya hazina pamoja na historia yake yote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Mtu aliyekuwa na hazina yake ya Git katika kompyuta yake angeweza kuendelea kuandika na kuweka kumbukumbu ya kila badiliko, akingoja mtandao urudi ili awapelekee wenzake.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Siku hizi magari huvuka mengi kwa pamoja, kwenda na kurudi. Lakini ni dhahiri kwamba daraja linadai jambo ambalo abiria wa pantoni hakudaiwa: kila dereva azijue sheria za barabara. Kadhalika Git imeondoa foleni, bali haikuondoa haja ya nidhamu. Wengi wa wanaolalamika kwamba hazina yao imevurugika wamepata daraja bila kujifunza sheria za barabara.

Makosa ya kawaida na mafunzo yake

Kosa la kwanza ni kuanza kazi bila kuchukua kwanza mabadiliko ya wenzako. Mtu hufungua nakala aliyoiacha juzi, huandika siku nzima, kisha akitaka kuirudisha hukuta hazina imekwisha songa mbele. Ikiwa yeye na mwenzake wamebadili mistari ileile, hutokea mgongano. Hapo Git haichagui. Huweka alama mahali penye mgongano, huonyesha maneno ya upande mmoja na maneno ya upande wa pili, kisha husubiri binadamu aamue. Yafaa tulizingatie jambo hili. Mgongano ni swali ambalo mashine imekiri haiwezi kulijibu, na kosa huja pale mtu anapolijibu kwa haraka, akafuta maneno ya mwenzake bila kuyasoma. Wale wanachuo wanne hawakupata hata nafasi ya kuona mgongano, kwa kuwa nakala zao hazikukutanishwa kamwe.

Kosa la pili ni kuandika kumbukumbu isiyosema kitu. Kila badiliko linapowekwa katika hazina huambatana na maelezo mafupi ya mwandishi. Wengi huandika “nimerekebisha”, au “mabadiliko”, basi. Baada ya miezi sita hata mwandishi mwenyewe hakumbuki alirekebisha nini na kwa nini. Maelezo mazuri husema sababu, kwa kuwa badiliko lenyewe tayari laonekana. Mwalimu anayeandika katika tathmini ya somo “somo limeeleweka” hufanya kosa hilihili. Angeandika kwamba wanafunzi wengi walichanganya mzingo na eneo, kwa hiyo somo lijalo lianze kwa kupima meza kwa kamba, yeye mwenyewe angenufaika na maandishi yake mwaka ujao, na mwalimu atakayempokea angenufaika pia.

Kosa la tatu ni kuachia matawi yakakua mbalimbali kwa muda mrefu. Katika Git mtu anaweza kuanzisha tawi, yaani njia yake ya pembeni ya kujaribia jambo, bila kuharibu kazi kuu. Ni desturi njema. Lakini tawi likikaa miezi bila kuunganishwa, tofauti huwa nyingi, na kuliunganisha huwa kama kuandika upya.

Sisi walimu tumewahi kuishi na matawi mawili rasmi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa awamu. Darasa la Kwanza na la Tatu walianza na mtaala mpya, wakati Darasa la Nne liliendelea na ule wa zamani. Kwa hiyo mwalimu aliyefundisha Darasa la Tatu na la Nne mwaka ule alishika mihtasari miwili kihalali. Hatari haikuwa katika kuwa na matawi mawili, kwa sababu mpango wake ulijulikana. Hatari ni nakala zisizo na mwaka wala jalada zinazopitishwa kwa simu au kunakilishwa katika vibanda vya steshenari. Mwalimu anapopewa muhtasari, swali lake la kwanza liwe: huu ni wa mwaka gani? Akikosa jibu, alinganishe na nakala iliyotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania kabla hajaandika mstari mmoja wa azimio.

Kosa la nne ni kuweka siri katika hazina. Mwandishi wa programu husahau nywila ndani ya msimbo, akaipeleka katika hazina iliyo wazi kwa watu wote. Akigundua huifuta, akadhani yamekwisha. Kumbe hazina hutunza historia, na toleo la jana lingali na nywila ile. Dawa ya kwanza ni kuibadilisha nywila yenyewe mara moja. Kwetu sisi siri ni majina ya watoto, alama zao na habari za afya zao. Orodha ya alama iliyokwisha kutumwa katika kundi la simu haifutiki kwa kuifuta katika simu yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za namna hiyo pia, na mwanachuo ni vizuri aizoee mapema.

Kosa la tano, ambalo ni zito kuliko yote, ni kuamini kwamba kilichohifadhiwa kimehifadhika. Tarehe 31 Januari 2017, mtumishi mmoja wa GitLab, kampuni inayotunza hazina za msimbo za watu wengi, alikuwa akirekebisha hitilafu usiku. Alidhani yuko katika seva ya akiba, akafuta data katika seva kuu. Alipositisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5 tu. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta kwamba hazikuwa zikifanyika. Programu ya kunakilisha ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata yenyewe, ikawa inashindwa kila mara, na barua za kuonya zilikuwa haziwafikii wahusika. Waliokolewa na nakala moja iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Misimbo ya wateja ilisalimika, lakini data nyingine za saa hizo sita zilipotea. Kampuni haikuficha jambo hilo, bali ilieleza hadharani kila hatua ya kosa, ili wengine wajifunze. Funzo lake ni kwamba nakala ya akiba ambayo hujawahi kujaribu kuifungua haistahili kuitwa akiba.

Tena, hata ghala lenyewe lina siku ya kufungwa. Google ilikuwa na hazina ya msimbo iliyotumiwa na watu wengi, nayo ikaifunga Januari 2016. Waliokuwa na nakala zao kamili walihamia kwingine. Mwanachuo mwenye maandalio yake yote katika flashi moja, au katika simu moja, na afikirie siku ambayo kitu hicho kitatumbukia majini pale mwaloni.

Kazi ya kifutio darasani

Mpaka hapa tumezungumza juu ya kazi za mwalimu. Sasa tuje kwa mtoto, kwa sababu hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wenzetu.

Katika shule nyingi mtoto hufundishwa kwamba kazi safi ni ile isiyo na alama ya kosa. Akikosea hufuta, na asipokuwa na kifutio hutumia mate mpaka karatasi ikatoboka. Wapo walimu ambao huamuru ukurasa uchanwe. Matokeo yake ni daftari linalopendeza macho, lakini halimwambii mwalimu chochote juu ya njia aliyopita mtoto. Mtoto aliyeandika 43 – 18 = 35, akafuta, akaandika 25, amekwisha ficha kosa la kutokukopa makumi. Mwalimu angeliona kosa hilo angejua la kumfundisha kesho. Kufuta huko kumemnyima habari.

Tunashauri desturi nyingine. Kuanzia Darasa la Tatu, mtoto akikosea akate neno kwa mstari mmoja ulionyooka, usomeke chini yake, kisha aandike sahihi pembeni. Katika insha aandike rasimu ya kwanza kwenye ukurasa wa kushoto na ya pili kwenye ukurasa wa kulia, kila moja na tarehe yake. Chini ya rasimu ya pili aongeze sentensi moja: nimebadili nini, na kwa nini. Mtoto anayeandika “nimehamisha sehemu ya mvua ije mwanzo kwa sababu ndiyo iliyosababisha safari kuahirishwa” amekwisha jifunza kumbukumbu ya mabadiliko bila kugusa kompyuta.

Somo lenyewe la kuunganisha laweza kufundishwa kwa kipindi kimoja. Mwalimu na aandike ubaoni maelekezo mafupi ya njia kutoka shuleni hadi sokoni, mistari sita. Makundi mawili yanakili maelekezo hayo. Kundi la kwanza liyarekebishe kwa mgeni anayekwenda kwa miguu, na la pili kwa mgeni mwenye baiskeli, bila kuonana. Kisha makundi yarudi ubaoni. Mistari iliyobadilishwa na kundi moja tu iingizwe moja kwa moja. Mistari iliyobadilishwa na yote mawili izungushiwe duara kwa chaki ya rangi, na maneno ya pande zote mbili yaandikwe. Hapo kila kundi litoe sababu zake, na darasa liamue. Mara nyingi litaamua kuandika mstari wa tatu ulio bora kuliko yote miwili. Mwishoni mwalimu aulize: je, tungeokoa muda kama makundi yangezungumza mapema zaidi? Watoto watajibu wenyewe.

Hoja za wapinzani

Tunajua yatakayosemwa. Kwanza, kwamba shule nyingi za vijijini hazina kompyuta, na pengine hazina hata umeme. Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu hatukuanza na kompyuta. Desturi tuliyoieleza yahitaji kalamu na daftari tu. Siku kompyuta itakapofika, mtoto atakuta mashine inayofanya kwa haraka jambo ambalo yeye tayari anajua maana yake.

Pili, kwamba mwalimu mwenye darasa la watoto themanini hawezi kusoma rasimu mbili za kila mmoja. Hoja hii ina uzito. Lakini hatusemi asahihishe zote mbili. Asome rasimu ya pili na ile sentensi ya sababu. Arudi kwenye rasimu ya kwanza pale tu anapoona jambo la kumshangaza.

Tatu, na hii ndiyo hoja tunayoiheshimu kuliko zote, kwamba si kila kosa la mtoto linastahili kutunzwa. Mtoto ana haki ya kukua na kuyaacha makosa yake nyuma. Twakubali kabisa. Historia ya daftari ni ya kufundishia, wala isigeuzwe kuwa ushahidi wa kumwaibisha mbele ya wenzake au kumsimulia kwa mwalimu wa darasa linalofuata. Mwalimu atakayeyafungua makosa ya Januari mwezi wa Novemba ili amcheke mtoto atakuwa amewafundisha watoto wote kutumia kifutio kwa siri. Kutunza kosa kunawezekana tu mahali ambapo kosa haliadhibiwi kwa kejeli.

Wito wetu

Kwa hiyo tunawaomba wanachuo mfanye mambo manne kabla ya mazoezi yajayo. Mosi, kila kundi lichague mahali pamoja pa nakala kuu, nyote mpajue. Pili, liwe na daftari la mabadiliko lenye safu nne: tarehe, jina, kilichobadilishwa, na sababu. Tatu, asiwepo atakayeanza kuandika kabla ya kulisoma. Nne, kila Ijumaa mmoja wenu afungue nakala ya akiba na kuthibitisha kwamba yasomeka. Wenye kompyuta wajifunze Git, kwani ni ya bure, na mazoezi yake yawezekana hata pasipo intaneti. Wasio nayo waanze na daftari.

Wale wanachuo wanne, baada ya ukaguzi ule, walikaa chini ya mwembe wa shule na nakala zao saba. Ilibidi zisomwe mstari kwa mstari, kwa sauti, jioni mbili mfululizo. Katika nakala moja iliyokuwa imeachwa walikuta zoezi zuri la kutumia chupa na mchanga ambalo mwenzao alilibuni, na ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelisikia. Waliliingiza katika azimio, wakaandika jina lake na tarehe. Kisha wakapanga vipindi vya ziada kwa ule mkondo uliorukwa, nao watoto wakaja.